Jinsi ya kupata utafiti wa vyuo vikuu vya Nairobi na kuutumia, hata kama hujawahi kusoma chuo

Mtu anaeza ishi Nairobi miaka yote, apite University Way kando ya chuo kila asubuhi akienda kazi, aone makomredi, wale wanafunzi wa chuo, na mabegi yao, na adhani kule ndani kazi ni lecha na mitihani tu. Alafu jioni akifika nyumbani anaanza kuuliza maswali, mbona maji ya mtungi huku kwetu ni ghali kuliko ya bomba kule Lavington kwa matajiri, mbona mtoto anakohoa hivi, mbona hii barabara mvua ikinyesha kidogo tu inakuwa mto, mbona vijana wetu wanaongea Sheng ambayo hata wa mtaa jirani hawaielewi. Na kumbe kwa hayo maswali karibu yote kuna mtu ameketi nayo miaka, ameenda hadi mitaani kuhesabu na kupima na kuhoji watu, ameandika kurasa mia na kitu, na hizo kurasa ziko kwa intaneti bure kabisa na hakuna anayezisoma isipokuwa supavaiza wake na wanafunzi wawili watatu.

Hilo linaniuma sana. Nimefanya kazi ya kukusanya data mitaani, nimeketi kwa nyumba za watu nikiuliza maswali ya dodoso, na swali ambalo nimeulizwa kuliko lingine lolote ni hili, sasa hii mkishaandika inaenda wapi? Ni swali la haki. Kwa hivyo hii ni njia ya kuufuata huo utafiti mahali umeenda, kuuleta nyumbani na kuufanyia kazi.

Anza na swali lako, idara baadaye

Kitu cha kwanza watu hukosea ni kudhani lazima ujue kwanza idara gani inafanya nini. Huwezi, na hata malecha wenyewe hawajui jirani yao wa gorofa ya juu anafanya nini. Pia majina yanabadilika, Chuo Kikuu cha Nairobi (UoN) kwa mfano mwaka 2021 kilivunja mambo ya koleji na skuli kikabaki na fakalti, kwa hivyo kazi ya zamani utaipata chini ya jina ambalo saa hii halipo. Chukua swali kama unavyolisema kwa mdomo wako, alafu ulizungushe kwa watu tofauti.

Nakupa mfano wa matatu juu kila mtu hapa anaijua. Injinia akiangalia matatu anaona msongamano na spidi. Daktari anaona mifupa iliyovunjika inayoletwa hospitali ya Kenyatta usiku. Mtu wa fizikia anaona moshi na anataka kupima vumbi laini linaloingia ndani ya mapafu, na hilo limefanywa hapa hapa, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia ya UoN imepima hewa ya Nairobi kwa miaka. Mtu wa sheria anaona zile kanuni za aliyekuwa waziri wa uchukuzi, John Michuki, zilizotangazwa 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004, mikanda, spidi gavana, ule mstari wa manjano. Mwanahistoria anarudi hadi 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalum, ndipo biashara ikalipuka. Mtu wa isimu anasikiza makanga. Mtu wa sanaa anapiga picha nganya, zile matatu zilizorembwa, na kuuliza hizo rangi na hizo sura zinasema nini juu ya vijana wa mji huu. Na mchumi anauliza abiria wakiamua kupaza sauti dereva akiendesha vibaya, je, ajali zinapungua?

Hilo swali la mwisho lilijibiwa kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walibandika stika ndani ya matatu za masafa marefu hapa Kenya, stika za kumwambia abiria asinyamaze, wakachagua kwa kura gari gani inapata stika na gani haipati, alafu wakaangalia madai ya bima. Zile zenye stika madai yalishuka kwa nusu ama zaidi. Stika tu! Ndiyo hiyo baadaye ikawa kampeni ya Zusha ambayo labda uliiona kwa kioo ukadhani ni tangazo la kawaida.

Na kuna ile kazi ya ramani, ambayo mimi huipenda kuliko zote juu ilifanywa na wanafunzi wetu wakiwa na simu mkononi. Mradi uliitwa Digital Matatus, watu wa kompyuta wa UoN pamoja na vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani. Mwanafunzi anapanda gari stejini, anakaa, gari likisimama anagusa simu, mahali panarekodiwa, anaandika jina la steji jinsi watu wanavyoliita, gari likisonga naye anasonga, hadi mwisho wa ruti, alafu anashuka anapanda ingine. Walimaliza ruti zaidi ya 130. Mwaka 2014 ramani ikatoka na data yote ikaachwa wazi kila mtu aitumie, na mwaka 2015 ikaingia Google Maps. Kabla ya hapo mji mzima ulikuwa unasafiri kwa kuambiana kwa mdomo, serikali haikuwa na ramani kamili, hakuna aliyekuwa nayo.

Sasa fanya hivyo na swali lako. Chukua karatasi, andika katikati, alafu uliza, hii daktari angeionaje, mwanasheria, mtu wa historia, mtu wa udongo, mtu wa lugha, mtu wa dini, mtu wa pesa. Hutajua majibu lakini utapata maneno ya kutafutia, na hapo ndo kazi inaanza.

Mahali pa kutafuta

Kila chuo kikubwa kina hazina ya mtandaoni ambapo wanaweka tasnifu za masta na PHD. UoN iko nayo, Kenyatta University (KU) iko nayo, JKUAT, Strathmore, USIU pia. Andika kwa Google jina la chuo na neno repository utaipata. Huhitaji kuwa mwanafunzi. Kazi zingine utapata ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo, abstract) peke yake, zingine faili lote la PDF, inategemea.

Ukishaingia usiandike sentensi ndefu. Andika jina la mtaa na neno moja, Mathare na maji, Kawangware na afya, Gikomba na moto. Jina la mahali ndo linakuokoa manake watafiti hutumia maneno yao makubwa lakini mtaa hauwezi badilishwa jina. Na jaribu tahajia zote, Kibera na Kibra, Githurai na namba yake. Jaribu pia maneno ya Kiingereza juu ukweli ni kwamba tasnifu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, ila za idara za Kiswahili zimeandikwa kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, na huko utapata vitu vitamu, nyimbo za taarab, majina ya watu, lugha ya mahubiri, matangazo ya biashara, Sheng ya mashuleni, methali na jinsi zinavyomchora mwanamke. Andika neno tasnifu ama uhakiki kwa hazina ya KU ama UoN uone.

Nje ya hazina za vyuo kuna Google Scholar, na kuna AJOL ambayo imekusanya majarida ya Afrika, mengi ya kusoma bure. Ukipata makala imefungwa inakudai dola usilipe kwanza. Kwa Google Scholar bonyeza pale inaposema matoleo yote, mara nyingi mwandishi ameweka nakala yake mahali pengine. Ikishindikana mwandikie mwenyewe, nitakuja hapo.

Ukitaka data yenyewe badala ya hadithi ya data, Taasisi ya Masomo ya Maendeleo ya UoN, ile IDS iliyoanzishwa 1965, ndiyo inaendesha hesabu za Afrobarometer hapa Kenya, yaani maoni ya wananchi juu ya uongozi, rushwa, uchumi, na hiyo data imewekwa wazi. KNBS, shirika la takwimu la serikali, nao wana sensa ya 2019, Nairobi ilihesabiwa watu 4,397,073, na unaeza shuka nayo hadi ngazi ya lokesheni.

Alafu kuna mahali pa kuenda kwa miguu. Kenya National Archives, lile jengo la zamani la benki kati ya Moi Avenue na Tom Mboya ambapo watu hukutania nje tu, ndani kuna chumba cha kusomea, barua za wakoloni, ripoti za madistrikti, ramani, rekodi za ardhi. Nenda na kitambulisho ujisajili. McMillan pale Banda Street iko tangu 1931 na ina magazeti ya zamani. BIEA na IFRA, taasisi za utafiti za Waingereza na Wafaransa hapa Nairobi, wako na maktaba za historia, akiolojia na mambo ya jamii, na hufanya mazungumzo ambayo mtu yeyote anaeza keti akasikiza. UoN pia kuna mihadhara ya wazi, ukiona tangazo enda, getini useme unaenda mhadhara, uache kitambulisho.

Usipime kazi zote kwa rula moja

Hapa naomba ukae kidogo juu ndipo watu wengi hupotea. Utafiti haufanani. Ukichukua rula ya sayansi ya maabara ukaenda nayo kwa falsafa utasema hawa wanacheza, na ukichukua ya historia ukaipeleka hospitalini utaua watu.

Chukua ile kazi ya Kisumu ya tohara na HIV, ambayo UoN ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago. Wanaume 2,784 wa miaka 18 hadi 24, wote hawajatahiriwa, nusu wakapata tohara mapema na nusu wakangoja, na aliyechagua ni kura, daktari hakuchagua wala mgonjwa hakuchagua. Kwa nini kura? Juu ungeacha watu wachague wenyewe labda wale waangalifu ndo wangeenda kutahiriwa, na hungejua ni tohara imesaidia ama ni uangalifu. Desemba 2006 wakaisimamisha kabla ya wakati manake tofauti ilikuwa kubwa, maambukizi yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya nusu, na kuendelea kuwangojesha wale wengine isingekuwa haki. Hiyo ni kazi ambapo idadi na kura ndizo roho yake.

Sasa weka kando yake kazi ya Profesa Odera Oruka, idara ya falsafa, UoN. Miaka ya 70 watu wa nje walikuwa wanasema Afrika haina wanafalsafa, ina imani za jamii tu. Yeye akatoka akaenda vijijini kuketi na wazee, mmoja mmoja, anamuuliza Mungu ni nini, haki ni nini, mtu ni nini, na akijibiwa anamsukuma, kwa nini unasema hivyo, jirani yako anasema vingine, unamjibuje? Alikuwa anatafuta mzee anayeeza kusimama kando na mila ya kwao na kuihoji. Wazee wake walikuwa wachache. Ungemwambia sampuli yako ni ndogo ungekuwa hujaelewa kabisa, juu kuonyesha kwamba kuna watu wanaofikiri hivyo hakuhitaji elfu tatu, kulihitaji mazungumzo ya kina na uaminifu wa kuandika walichosema.

Ama Profesa Bethwell Ogot, aliyejenga historia ya Waluo kwa simulizi za wazee wakati wanahistoria wengi walisema kama haijaandikwa si historia. Njia yake ilikuwa kukusanya simulizi za koo tofauti, kuzilinganisha, kuhesabu vizazi kurudi nyuma, kuona zinapokubaliana na zinapopishana. Kuna nidhamu kali hapo, ni ya aina yake tu.

Na hii mambo ya fasihi pia si mchezo. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliandika pendekezo pale chuoni Nairobi kwamba idara ya Kiingereza ivunjwe, Afrika iwekwe katikati na fasihi simulizi isomwe kama fasihi kamili. Mtoto wako akisoma fasihi simulizi shuleni leo, mbegu yake ilipandwa kwa yale mabishano.

Kwa hivyo ukifungua kazi yoyote swali la kwanza ni, huyu anataka kujua nini hasa, na njia aliyotumia inaeza kumpa jibu hilo? Basi.

Jinsi ya kuisoma bila kuchoka

Usianze ukurasa wa kwanza. Soma ikisiri, ni nusu ukurasa ama moja, inakuambia swali, njia na matokeo. Kama haikuhusu achana nayo. Ikikuhusu ruka hadi sura ya mbinu, kwa tasnifu zetu nyingi huwa sura ya tatu, na hapo uangalie vitu kama alihoji nani na wangapi, aliwapata vipi, lini, na mwezi gani, juu maji ya Januari na maji ya Aprili si maji moja. Mtu akihoji watu 60 waliokuwa nyumbani saa nne asubuhi siku ya kazi, basi amehoji sana akina mama na wasio na kazi, na hakuna ubaya ila asiseme wakazi wote wa Kayole. Alafu ruka hadi mwisho kwa matokeo na ile sehemu ya upungufu wa utafiti. Mtu mkweli huandika upungufu wake wazi. Ukiona hakuna upungufu hata mmoja, soma kwa tahadhari.

Angalia nani alilipa. Haimaanishi ni uongo, lakini utafiti wa sigara uliolipwa na kampuni ya sigara unausoma macho yote mawili wazi.

Na usishike kazi moja ukakimbia nayo. Mfano mzuri ni M-Pesa. Mwaka 2016 wachumi Tavneet Suri na William Jack walichapisha kwamba M-Pesa imetoa kaya 194,000 za Kenya kwenye umaskini, karibu asilimia 2 ya kaya zote, na hiyo namba ikazunguka dunia nzima hadi leo watu wanaitaja. Lakini mwaka 2019 watafiti wengine wakaandika kupinga, wakasema njia iliyotumika imeacha vitu nje, kwa mfano biashara zinazokufa na madeni. Sikuambii nani ameshinda. Nakuambia ukiipata ya kwanza tafuta ya pili, na Google Scholar inakurahisishia, chini ya kila kazi kuna mahali pa kuona nani ameitaja, bonyeza hapo uone waliojibu.

Kuna pia majarida feki. Wanalipisha mwandishi, wanachapisha chochote kwa wiki moja. Dalili ni jarida linalochapisha upasuaji, ukulima wa nyanya na uhasibu kwa toleo moja, Kiingereza kimevunjika, na anwani haieleweki. Tasnifu ya chuo ambayo imepita mbele ya wasahihishaji mara nyingi ni afadhali kuliko hayo.

Kumwandikia mtafiti

Watu huogopa hii, na hakuna sababu. Mtafiti ambaye amekaa miaka na kitu kimoja akipata mtu wa mtaani amekisoma hufurahi sana, nimeona mwenyewe. Anwani ya barua pepe huwa ukurasa wa kwanza wa makala. Andika kifupi, sema wewe ni nani, umesoma nini, na uulize swali moja ama mawili yanayojibika. Kama hivi:

"Habari Daktari. Mimi ni mkazi wa Dandora Phase 4, niko kwa kikundi cha vijana cha kukusanya taka. Nimesoma kazi yako juu ya moshi wa dampo. Nimeelewa sura ya tatu ila jedwali la mwisho limenishinda. Vipimo vilichukuliwa wakati wa mvua ama wa jua? Na kama kuna ripoti fupi uliyoandikia wenyeji naomba unitumie. Asante sana, na kazi njema."

Usiombe kazi kwa barua ya kwanza. Akikaa kimya wiki mbili mkumbushe mara moja kwa heshima, alafu jaribu mwandishi wa pili kwa orodha.

Na nikitaja Dandora si kwa bahati. Mwaka 2007 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilitoa utafiti wa lile dampo, watoto na vijana 328 wa maeneo ya karibu walipimwa, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kufikia ama kupita kiwango ambacho wakati huo kilihesabiwa cha hatari, maikrogramu 10 kwa desilita. Ili kupata sentensi hiyo moja kulihitajika mtu wa kemia wa kupima udongo, daktari wa kutoa damu ya mtoto, na watu wa jamii ambao mama angewaamini akawapa mkono wa mtoto wake. Ukiishi huko na hujawahi kusoma hiyo ripoti, itafute wiki hii, ni yako kabisa.

Wakikuja kwako na dodoso

Siku moja atakuja kijana na badge na tableti, "Habari ya asubuhi mama, naomba dakika chache." Mkaribishe ama umkatalie, vyote ni haki yako, lakini ukimkaribisha uliza kwanza. Uliza leseni ya Nacosti, ile tume ya taifa ya sayansi. Kila utafiti Kenya unahitaji leseni hiyo tangu ile sheria ya sayansi ya 2013, na leseni ina QR code ya kuskani kwa simu ili uhakikishe ni ya kweli. Uliza kamati gani ya maadili imepitisha, kwa mambo ya afya hapa Nairobi mara nyingi utasikia kamati ya KNH (hospitali ya Kenyatta) na UoN, na namba ya simu ya kamati lazima iwe kwa fomu ya ridhaa. Kama ni dawa inajaribiwa, Bodi ya Famasia na Sumu nayo lazima imeidhinisha.

Fomu isomwe kwa lugha unayoielewa. Ukisomewa haraka haraka mwambie arudie. Uliza damu itaenda wapi, itakaa miaka mingapi, itatumiwa kwa kitu kingine? Uliza nikijisikia kuacha katikati naeza? Jibu lazima liwe ndiyo, na bila kupoteza huduma yoyote ya hospitali. Nauli na soda ni shukrani, zisikulazimishe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 pia inakupa haki ya kujua taarifa zako zinafanyiwa nini. Na kabla hajaondoka mwambie aandike namba yako mahali, ukisema, mkimaliza nataka matokeo. Waambie majirani waseme hivyo hivyo, juu mtaa mzima ukidai matokeo, mradi unaofuata utaweka bajeti ya kurudi.

Nasema hivi kwa uzito juu mji huu umetoa mengi. Akina mama wa Majengo, Pumwani, tangu miaka ya 1980 wamekuwa wakishiriki utafiti wa HIV wa UoN na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada, na baadhi yao ndio waliofanya dunia ijue kwamba kuna watu wanaokutana na virusi mara nyingi na hawaambukizwi. Kila mtu anayetafuta chanjo amesoma kazi iliyotoka kwa damu yao. Anayeombwa damu leo Pumwani ama Korogocho anastahili kuelezwa vizuri kuliko mtu mwingine yeyote duniani.

Ukitaka chuo kijibu

Vyuo vya umma ni ofisi za umma. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinakuruhusu kuomba habari, na wana siku 21 za kukujibu. Andika barua, kwa Kiswahili ni sawa, taja unachotaka kwa usahihi, ripoti gani, mwaka gani, mradi gani, juu ukiandika nataka utafiti wote wa Kibra utangoja sana. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Kufanya kitu na ulichopata

Mfano ambao kila kikundi cha mtaa kinafaa kuusoma ni Mukuru, mtaa wa mabanda. Kabla ya 2017, Muungano wa Wanavijiji, yaani umoja wa wakazi wa mitaa ya mabanda, na wenzao, pamoja na UoN, Strathmore na Berkeley ya Marekani, waliingia Mukuru kuhesabu nyumba, kufuatilia ardhi ni ya nani kwa makaratasi, na kulinganisha bei. Wakaonyesha kwamba maskini wa Mukuru analipa maji na stima kwa bei ya juu kuliko mtu wa mtaa wa kitajiri, kwa huduma mbovu zaidi. Watu walikuwa wanalijua hilo kwa mfuko wao siku zote lakini sasa lilikuwa limeandikwa kwa namba. Agosti 2017 kaunti ikatangaza Mukuru eneo maalum la kupangiwa, na mpango ukagawanywa kwa makundi, la maji na nishati, la afya na elimu, la pesa, la ardhi na sheria, la mazingira, la nyumba na barabara, kila kundi na wataalam wake pamoja na wakazi. Mwaka 2020 NMS (Nairobi Metropolitan Services, iliyokabidhiwa baadhi ya kazi za kaunti) ilipoingia kujenga barabara na hospitali, kulikuwa na mpango mezani tayari. Hakuna idara moja ingeeza hiyo kazi peke yake, na bila wakazi kuhesabu nyumba zao vyuo vyote pamoja visingeweza.

Kwa hivyo ukipata kazi inayohusu mtaa wenu usiiache kwa simu. Toa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, swali lilikuwa nini, walifanya nini, walipata nini, lini, nani aliandika. Usiongeze chumvi na usitoe upungufu walioandika wenyewe. Isomeni kwa chama ama kwa kikundi, wazee wakisema hapa wamekosea andika hilo pia na umtumie mwandishi. Alafu ipeleke mahali maamuzi yanafanyika. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwa bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na mikutano ya kusikiza wananchi hufanywa kwa wodi. Fika mapema na nakala mbili, sema unaomba dakika tatu, taja namba moja au mbili tu na utaje zimetoka kwa nani, nakala ya kwanza umpe karani iingie kwa kumbukumbu za mkutano, ya pili apige muhuri na tarehe urudi nayo.